Ukae Upande Gani? Mwongozo wa Kuchagua Kiti cha Dirishani Katika Safari za Ndege za Afrika Mashariki

Kila likizo inapokaribia, ndugu na marafiki hunipigia simu wakiuliza swali lile lile: "Nikae upande gani ili niuone Mlima Kilimanjaro?" Wengine huuliza wakiwa wameshasimama kwenye foleni ya chekini, yaani ya kujiandikisha kabla ya kupanda ndege, na hapo msaada wangu huwa mdogo, kwa sababu kiti kizuri hutafutwa nyumbani, juu ya ramani, kabla hata ya kulipa nauli. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayepanda ndege kwa mara ya kwanza au ya pili, na pia kwa yule ambaye amesafiri mara nyingi lakini kila mara hupangiwa kiti na kukipokea bila kuuliza lolote.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kukosa. Katika safari yangu ya kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao wengi wetu tunauita KIA, nilifurahi sana kupata dirisha, nikakaa upande wa kushoto, na kwa karibu saa nzima nikaitazama nyika ya Umasai iliyokauka huku abiria wa upande wa kulia wakiinua shingo, wakiitana na kunyoosha simu zao kuelekea vioo. Nilipoteremka ngazi za ndege, mlima ulikuwa umeshajifunika mawingu, na siku tatu nilizokaa Moshi haukufunuka hata mara moja. Tangu hapo sikati tiketi kabla ya kuichunguza ramani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ramani ya eneo utakalopita, iwe ya karatasi au ya kwenye simu, mradi ionyeshe milima, maziwa na visiwa.
- Rula, au ukingo wa karatasi ulionyooka.
- Siku na saa ya kuondoka, pamoja na namba ya safari.
- Aina ya ndege itakayotumika. Taarifa hii huonyeshwa mara nyingi wakati wa kununua tiketi, na ukiikosa hapo, wakala au ofisi ya shirika itakuambia.
- Programu ya kufuatilia ndege, kwa mfano Flightradar24, ambayo huonyesha njia zilizopitwa na ndege katika siku chache zilizotangulia.
- Kitambaa laini na kisafi cha kufutia kioo.

Neno moja kuhusu saa, maana limewachelewesha watu wengi: tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 07:00 kwenye tiketi ni saa 1 asubuhi, na 16:30 ni saa 10 na nusu jioni. Hakikisha umeisoma vizuri, kwa sababu hesabu ya jua katika hatua ya nne inaitegemea.

Hatua kwa hatua

1. Amua kitu kimoja unachotaka kukiona.

Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayowashinda wengi. Dirisha moja haliwezi kukupa kila kitu. Anayeruka kutoka Arusha kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, hana budi kuchagua kati ya Ziwa Manyara na Ngorongoro zilizo kushoto kwake, na Ol Doinyo Lengai pamoja na Ziwa Natron vilivyo kulia. Andika jina la mlima, ziwa au kisiwa unachokitaka, kisha mengine yatakayojitokeza yahesabu kuwa nyongeza.

2. Chora mstari, kisha igeuze ramani.

Weka rula kati ya uwanja unaoondokea na uwanja unaokwenda. Sasa igeuze ramani mpaka uwanja unaokwenda uwe juu, mbali nawe, na ule unaoondokea uwe chini, karibu na kifua chako. Kilichopo kulia kwa mstari kitakuwa dirisha la kulia, na kilichopo kushoto kitakuwa dirisha la kushoto. Hakuna hesabu nyingine.

*Tahadhari:* Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuiacha ramani ikiwa na kaskazini juu, kisha kujaribu kufikiria kichwani kuwa mtu anayekwenda kusini atauona mlima upande upi. Wengi hukosea hapo, hata walimu wa jiografia. Geuza ramani, usigeuze kichwa.

Tuchukue mfano wa Nairobi kwenda KIA. Mstari unashuka karibu moja kwa moja kuelekea kusini. Ukiigeuza ramani ili KIA iwe juu, utaona Kilimanjaro iko kushoto kwa mstari na Mlima Meru uko kulia. Anayerudi Nairobi kwa njia hiyo hiyo atabadilisha: Kilimanjaro kulia, Meru kushoto. Pande hubadilika kila unapogeuza safari, na ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyekwambia "kaa kushoto" hauna maana kama hakukwambia alikuwa anakwenda au anarudi.

3. Hakiki njia halisi.

Ndege haifuati rula yako. Waongozaji wa ndege huipa rubani njia kulingana na msongamano, hali ya hewa na upande ambao ndege zinatua siku hiyo. Kwa hiyo ifungue programu ya kufuatilia ndege, itafute safari yenye namba kama yako, na uangalie njia zake za siku nne au tano zilizopita. Ukiona ndege imepita upande ule ule wa mlima kila siku, una uhakika wa kutosha. Ukiona imepita siku nyingine mashariki na siku nyingine magharibi ya mlima, chagua upande ulioonekana mara nyingi zaidi na ujue kwamba umebahatisha.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika safari ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili hupita kama kilomita 30 tu mashariki ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Kwa umbali mdogo hivyo, rubani akipewa njia iliyosogea kidogo, mlima unaweza kuhamia upande wa pili.

4. Pima jua na mawingu.

Asubuhi jua liko mashariki na jioni liko magharibi. Dirisha linalotazamana na jua hukupa mwanga wa kuumiza macho, na mlima huonekana kama kivuli cheusi kisicho na theluji wala mabonde. Dirisha lililolipa jua mgongo hukuonyesha rangi zote. Kwa hiyo, pale unapoweza kuchagua saa ya safari, chagua saa ambayo jua litakuwa upande wa pili wa ndege, mbali na kitu unachotaka kukiona.

Hata hivyo, mawingu yana nguvu kuliko jua. Milima mirefu ya kwetu mara nyingi huwa wazi alfajiri na asubuhi, kisha joto la mchana hupandisha mvuke kutoka misituni na kufikia saa 5 au 6 mchana kilele huwa kimefunikwa. Jioni wakati mwingine hufunuka tena. Kama ni lazima uchague kati ya ndege ya asubuhi yenye jua usoni na ndege ya saa 8 mchana yenye jua mgongoni, panda ya asubuhi. Mlima mweusi ni afadhali kuliko wingu jeupe.

Kuhusu majira, Januari na Februari, na kuanzia Juni hadi Oktoba, nafasi ni nzuri zaidi kuliko wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, au wakati wa vuli mwishoni mwa mwaka. Lakini usiikatie tamaa safari ya masika. Ukiwa kwenye ndege kubwa inayoruka mita 10,000 kwenda juu, unaweza kukuta tambarare yote imefunikwa na blanketi la mawingu huku Kibo, chenye mita 5,895, kimejitokeza peke yake juu ya blanketi hilo kama kisiwa. Mimi nimekiona hivyo mara mbili, na sijaona tena kitu cha kulinganisha nacho.

5. Ijue ndege, kisha chagua safu.

Baada ya kujua upande, sasa tafuta safu. Herufi A kwenye namba ya kiti daima ni dirisha la kushoto unapotazama mbele kuelekea kwa rubani. Herufi ya mwisho ni dirisha la kulia: katika ndege ndogo na za kati huwa D au F, na katika ndege pana zenye korido mbili huwa K, au L kwa baadhi ya mashirika. Usiseme "kulia" ukiwa umetazama nyuma ya ndege, kama wanavyofanya wengi wanapoingilia mlango wa nyuma.

Sasa angalia bawa. Ndege zinazoruka katika njia zetu ni za aina mbili kwa jambo hili.

Za kwanza zina bawa chini ya madirisha: Boeing 737, Boeing 787, Airbus A220, Embraer 190. Katika hizi, safu za katikati zitakupa bawa na anga basi. Kaa mbele ya bawa, au nyuma kabisa. Mbele ni bora, kwa sababu nyuma ya injini hewa ya moto hutetemesha picha, na mlima ulio mbali huonekana kama unaotazamwa juu ya jiko la mkaa. Katika Boeing 737 kuna jambo la ziada la kujihadhari nalo: upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, kuna sehemu ambayo ina ukuta mtupu kwa sababu mabomba ya hewa hupita ndani yake, na namba ya safu hiyo hutofautiana kati ya shirika moja na jingine. Kiti hicho huuzwa kama cha dirishani. Katika Airbus A220, upande wa kushoto una viti viwili na wa kulia una vitatu, hivyo mtu na mwenzake wanaotaka upande wa kushoto hawatakuwa na mgeni kati yao.

Za pili zina bawa juu ya madirisha: ATR 72, Dash 8, na Cessna Caravan zinazokwenda Zanzibar, Mafia na kwenye viwanja vya mbugani. Hizi ndizo ndege za mtazamaji. Huruka chini zaidi, na ardhi yote iko wazi chini yako. Epuka tu safu zinazolingana na propela na injini, kwa sababu ya kelele na kwa sababu chombo cha injini huziba sehemu ya mbele ya dirisha. Safu za nyuma ni nzuri. Ukiwa ndani ya Dash 8 karibu na injini, utayaona magurudumu yakishuka kutoka chini ya injini hiyo wakati wa kutua, jambo ambalo watoto hulipenda.

*Tahadhari:* Safu ya mlango wa dharura ina nafasi nzuri ya miguu, lakini mara nyingi iko juu ya bawa, na watoto hawaruhusiwi kukaa hapo. Usilipie nyongeza kwa ajili ya mandhari kisha ukanunua bawa.

6. Kikamate kiti mapema.

Ukiruhusiwa kuchagua kiti wakati wa kununua tiketi, chagua hapo hapo, hata kama kuna nyongeza kidogo. Kama huruhusiwi, subiri chekini ya mtandaoni, ambayo kwa mashirika mengi hufunguliwa saa 24 au zaidi kabla ya safari, na uingie dakika inapofunguliwa. Ukishindwa yote mawili, fika uwanjani mapema na uombe kwa herufi, si kwa maneno ya jumla. "Naomba dirisha" itakupa dirisha lolote. Sema hivi: "Shikamoo mama," kama ni mkubwa kwako, au "Habari za kazi, dada, naomba kiti cha dirishani upande wa kulia, herufi F, mbele ya bawa kama kipo." Mtumishi wa kaunta akisikia ombi lililo wazi hulitekeleza kwa sekunde chache.

Katika Caravan mara nyingi hakuna namba za viti. Anayetangulia ndiye anayechagua, ila rubani anaweza kukuhamisha ili uzito wa ndege ukae sawa. Akikuhamisha, mtii bila kubishana, kwa sababu hilo ni suala la usalama.

7. Kitayarishe kioo.

Ukishakaa na kufunga mkanda, futa kioo cha ndani kwa kitambaa chako, maana paji la uso la abiria aliyetangulia huacha alama ya mafuta pale pale unapotaka kutazama. Vaa nguo ya rangi nyeusi au ya giza, kwa sababu shati jeupe huakisiwa kwenye kioo na kuharibu kila picha. Zima flashi ya simu. Usiigandamize simu kwenye kioo, kwa sababu mtetemo wa ndege huingia kwenye picha. Iache nafasi ya upana wa kidole. Kama una miwani ya jua ya kuzuia mng'ao, ivue unapotazama nje, maana kwa aina hiyo ya miwani kioo cha plastiki cha ndege huonyesha mistari ya rangi kama upinde wa mvua.

Ndani ya Boeing 787 hutakuta kipazia cha kuvuta. Kuna kitufe chini ya dirisha kinachofanya kioo kiwe cheusi au cheupe taratibu, na watu wengi hukaa gizani safari nzima kwa kutokukijua.

8. Jua wakati wa kutazama.

Usilale. Kutoka Nairobi kwenda Dar es Salaam, Kilimanjaro huwa sambamba nawe baada ya kama dakika 20 hadi 25 tangu kupaa. Kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, subiri hadi kama dakika 45. Anza kutazama dakika kumi kabla, ukielekeza macho mbele ya dirisha, kwa sababu mlima huanza kuonekana kwa mbali kabla haujafika ubavuni, na ukishapita nyuma ya bawa umekwisha.

Njia ninazozijua na upande ninaouchagua

Njia ninayoipenda kuliko zote ni Nairobi kwenda Dar es Salaam kwa ndege ya asubuhi, dirisha la kulia. Jua liko kushoto, mlima uko kulia na umemulikwa sawasawa. Kwa kuwa unapita mashariki yake, kilele kinachokuja karibu nawe kwanza ni Mawenzi, chenye mita 5,149, cheusi na kilichochongoka kama meno yaliyovunjika. Nyuma yake kuna uwanda mpana wa rangi ya kahawia usio na mti, halafu Kibo, mviringo na mpole, na barafu yake imening'inia kwenye kingo. Ukiwa juu vya kutosha, utaona kwamba kilele cha Kibo ni bakuli, na ndani ya bakuli kuna duara jingine dogo zaidi, na ndani ya duara hilo kuna shimo la majivu. Ni duara ndani ya duara. Mtu aliyeko Moshi haoni hilo hata akae miaka mingapi. Kwa kurudi, Dar es Salaam kwenda Nairobi, chagua kushoto, na asubuhi bado ni bora.

Dar es Salaam kwenda KIA, chagua kulia. Milima ya Usambara hutangulia, kisha Upare, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu lenye umbo refu, kisha Kilimanjaro. Kwa asubuhi jua litakuwa upande huo huo, kwa hiyo uvumilie. Wakati wa kutua mambo hubadilika: njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki na magharibi, na milima yote miwili iko kaskazini yake, hivyo ndege ikitua ikielekea mashariki milima huwa kushoto, na ikielekea magharibi huwa kulia. Kwa kurudi Dar es Salaam, au kwa kwenda Zanzibar kutoka KIA, chagua kushoto.

Nairobi kwenda Mombasa, chagua kulia, na asubuhi mwanga ni mzuri. Utaona vilima vya Chyulu na Taita, na hewa ikiwa safi Kilimanjaro itaonekana kwa umbali wa kama kilomita 100. Upande wa kushoto una tambarare ndefu ya Yatta, nayo si haba. Nairobi kwenda Kisumu pia ni kulia, kwa ajili ya Longonot na shimo lake la volkano, pamoja na Ziwa Naivasha, mara tu ndege inapovuka ukingo wa Bonde la Ufa. Anayekwenda Addis Ababa kutoka Nairobi aombe kulia auone Mlima Kenya dakika chache tu baada ya kupaa.

Dar es Salaam kwenda Mtwara ni safari isiyosifiwa inavyostahili. Kushoto utaona kisiwa cha Mafia. Kulia utaona delta ya Rufiji, mikono ya mto ikitawanyika ndani ya mikoko kama mishipa ya jani, na baadaye ghuba na visiwa vya Kilwa. Mimi ninachagua kulia, hasa asubuhi, kwa sababu jua linatoka baharini.

Zanzibar ni safari ya kama dakika 20 kutoka Dar es Salaam, na hakuna upande mbaya. Ndege ikitua kutokea kusini, kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa huwa kushoto. Ikizunguka na kutua kutokea kaskazini, Mji Mkongwe na kisiwa cha Changuu huwa kulia. Katika kurudi Dar es Salaam, ikitua kutokea upande wa bahari, bandari na Kigamboni huwa kushoto, na rasi ya Msasani huwa kulia.

Mambo yakienda kombo

*Nimepangiwa kiti cha katikati.* Panda, kaa pale ulipopangiwa, na usubiri milango ifungwe. Viti vilivyobaki wazi vitaonekana. Muulize mhudumu kama unaweza kuhamia, usihame mwenyewe kabla ndege haijapaa.

*Kuna mtu amekaa kwenye dirisha langu.* Mara nyingi ni mgeni wa ndege ambaye hakujua maana ya herufi. Mwonyeshe pasi yako ya kupandia ndege kwa upole: "Samahani mzee, nadhani tumechanganya viti, naomba tuangalie namba pamoja." Kama ni mama mzee anayesafiri kwa mara ya kwanza na ameshaushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, mwachie. Nimewahi kufanya hivyo kwenye ndege ya Mwanza, na tulipoanza kushuka juu ya Ziwa Victoria alinishika mkono akanionyesha miamba ya kwao jiwe kwa jiwe.

*Ndege imebadilishwa dakika ya mwisho.* Upande haubadiliki, safu ndiyo inayobadilika. Herufi A itabaki kushoto, lakini safu ya 5 iliyokuwa mbele ya bawa inaweza sasa kuwa karibu na propela. Rudi kaunta uombe safu upya, na ukumbuke kwamba herufi ya kulia inaweza kuwa nyingine.

*Rubani ametangaza kwamba mlima uko upande wa pili.* Kama taa ya mikanda imezimwa, simama kwenye korido karibu na mwenye dirisha na umwombe utazame kwa dakika moja. Karibu kila mtu hukubali. Taa ikiwa inawaka, baki ulipo.

*Kioo kina ukungu au barafu.* Tazama chini ya dirisha, utaona kitundu kidogo sana kwenye kioo. Kimewekwa kwa makusudi ili kusawazisha hewa na kupunguza unyevu kati ya vioo, na barafu hupenda kujikusanya kukizunguka. Hakuna cha kufuta, kwa sababu barafu iko upande wa ndani kati ya vioo. Tazama na piga picha kupitia sehemu ya juu ya dirisha.

*Kioo kina mikwaruzo.* Simu hupenda kuilenga mikwaruzo badala ya mlima. Gusa mlima kwenye skrini mpaka kamera iulenge, kisha shikilia kidole ili isirudi. Jua likipiga kioo moja kwa moja mikwaruzo huonekana zaidi, kwa hiyo kinga kwa kiganja cha mkono wa pili.

*Mawingu yamefunika kila kitu.* Usifunge kipazia. Tazama usawa wa macho au juu kidogo, si chini, kwa sababu vilele virefu hutoboa wingu pale usipotarajia, na kwa mbali theluji hufanana na wingu. Tofauti ni hii: wingu hubadilika umbo ukilitazama kwa dakika moja, mlima haubadiliki. Ukiona weupe uliotulia wenye mstari mkali juu yake, hicho ni Kibo, mwite jirani yako atazame.